Kwa Nini Konea Ni Angavu: Safari ya Mwanga katika Nyuzi Zilizopangwa

Weupe wa jicho na kioo cha mbele ya jicho vimeumbwa kwa kitu kimoja. Vyote viwili ni nyuzi za kolajeni, protini ile ile inayoipa ngozi na kano uimara wake, zikiwa zimelowa maji na kushikizwa na molekuli za sukari na protini. Hata hivyo kimoja ni cheupe kama ganda la yai, na kingine, yaani konea, ni angavu kiasi kwamba ukimtazama mtu machoni huioni konea yake kabisa. Unaona rangi iliyo nyuma yake. Katika kliniki za macho hapa Unguja wagonjwa huuliza mara nyingi chamba cha jicho kinatoka wapi: ni uchafu ulioganda, ni nyama iliyoota, au ni ngozi mpya? Mara nyingi si kimoja kati ya hivyo. Nyuzi ni zile zile za siku zote, ila zimepoteza nafasi zake.

Ili kulielewa jambo hili yatupasa kwanza kuuliza mwanga hufanya nini unapokutana na vitu vilivyopangwa kwa safu. Wanafizikia wamelishughulikia swali hilo kwa bidii kubwa tangu 1987, na baadhi ya majibu yao yanatufaa sisi wa hospitalini kuliko wanavyodhani wao wenyewe.

Mwanga ni wimbi. Ule unaoonekana kwa macho una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 upande wa urujuani hadi nanomita 700 upande wa wekundu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kipimo hiki ndicho ufunguo wa habari yote. Mwanga haujali tu kama vitu vimepangwa. Hujali vimepangwa kwa umbali gani ukilinganishwa na urefu wa wimbi lake.

Anayepita Mji Mkongwe asubuhi huona roshani za mbao zenye vimia, ambazo ziliwapa watu wa ndani nafasi ya kutazama njia bila wao kutazamwa. Jua hupenya katika vimia hivyo na kuangusha vijiraba vya mwanga ukutani. Tundu lenye upana wa sentimita tatu ni kubwa mara 60,000 kuliko wimbi la mwanga wa kijani. Kwa mwanga, tundu hilo ni lango la mji: unapita moja kwa moja, na palipo na ubao panabaki kivuli. Hapo safu za mbao hazina maajabu yoyote.

Twende sasa pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989. Maji yakijaa, mawimbi hupita juu ya mashamba yenye mamia ya vigingi vilivyochomekwa mchangani. Tuchukue wimbi lenye urefu wa mita kadhaa na vigingi vyembamba vilivyokaribiana. Kila kigingi hutoa kiwimbi chake kidogo cha duara. Lakini kwa kuwa vigingi vimekaribiana kuliko urefu wa wimbi, viwimbi vinavyokwenda pembeni hukutana kilele cha kimoja na bonde la kingine, vikafutana. Vinavyokwenda mbele hukutana kilele kwa kilele. Matokeo yake ni kwamba wimbi kubwa husonga mbele kana kwamba vigingi havipo. Msomaji aikumbuke picha hii, kwa maana ndiyo konea.

Kati ya roshani na shamba la mwani kuna hali ya tatu, nayo ndiyo iliyowavutia wanafizikia: umbali kati ya vitu unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Hapo viwimbi vinavyorudi nyuma hutiana nguvu, na mwanga wa rangi fulani hukataliwa njia, ukarudishwa ulikotoka. Mwaka 1987 Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba mtu anaweza kutengeneza kitu chenye safu za namna hiyo kikazuia mwanga wa urefu maalumu. Vitu hivyo huitwa fuwele za fotoni.

Viumbe walitangulia. Kipepeo Papilio nireus, mweusi mwenye utepe wa buluu ya kijani, anaishi katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2005 Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba magamba madogo ya utepe huo yamejaa vitundu vya hewa vyenye kipenyo cha takriban nanomita 240, vilivyopangwa kwa pembetatu na kuachana kwa takriban nanomita 340. Ndani yake mna rangi inayofyonza mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa wa kijani. Mpango wa vitundu huuzuia mwanga huo kupotea ubavuni mwa bawa, na chini yake matabaka mengine yanaurudisha juu kama kioo. Wahandisi walikuwa wamebuni muundo wa namna hiyo kwa ajili ya taa za LED miaka michache tu kabla ya kugundua kwamba kipepeo anao.

Grafini imeingia katika mazungumzo haya kwa mlango wa nyuma. Ni tabaka moja la atomu za kaboni zilizopangwa kama sega la nyuki, lililotenganishwa na grafiti ya kawaida huko Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliopata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Atomu zake zimeachana kwa nanomita 0.142, umbali mdogo mno kwa mwanga kuuhisi; tabaka moja hufyonza asilimia 2.3 tu ya mwanga unaoonekana, na uliobaki hupita. Wanaohisi sega hilo ni elektroni, ambazo ndani yake huenda kana kwamba hazina uzito. Wanafizikia wakajiuliza: tukilichonga sega lile lile kwa kipimo kikubwa zaidi, kinacholingana na wimbi la mwanga, je, mwanga nao utafanya kama elektroni?

Jibu ni ndiyo, na lina jambo moja la kushangaza. Katika fuwele ya fotoni ya kawaida, mwanga uliokatazwa njia hufifia haraka sana. Kila safu inayoongezwa huupunguza kwa uwiano ule ule, hata baada ya safu chache hakuna kinachobaki. Katika fuwele yenye umbo la sega kuna urefu maalumu wa wimbi ambapo njia iliyofunguliwa na njia iliyofungwa hukutana katika nukta moja. Mwaka 2007 Sepkhanov, Bazaliy na Beenakker walionyesha kwa hesabu kwamba katika nukta hiyo mwanga hupungua taratibu: ukiongeza unene maradufu, unaopita huwa nusu. Hiyo ni kanuni ile ile ya mwanga unaopita katika ukungu mzito au katika maziwa, ambamo hakuna mpango wowote. Fuwele iliyonyooka kabisa, isiyo na kasoro, inapitisha mwanga kwa kanuni ya ukungu! Kwa daktari wa macho hili lina maana kubwa. Mpangilio peke yake hauleti uangavu. Inategemea ni mpangilio wa kipimo gani, na kwa wimbi lipi.

Turudi kwenye jicho. Konea ina unene wa takriban nusu milimita katikati, na sehemu tisa kati ya kumi za unene huo ni tabaka linaloitwa stroma. Ndani ya stroma mna matabaka membamba zaidi ya 200 yaliyolaliana, na katika kila tabaka nyuzi za kolajeni zimelala sambamba. Kila uzi una kipenyo cha takriban nanomita 30, na umbali kutoka katikati ya uzi mmoja hadi mwingine ni takriban nanomita 60. Linganisha na wimbi la kijani la nanomita 500: nyuzi zimekaribiana mara nane au zaidi kuliko urefu wa wimbi. Ni shamba la mwani, wala si bawa la kipepeo.

Mwaka 1957 David Maurice alieleza kwamba konea ni angavu kwa sababu nyuzi hizi zinalingana unene na zimepangwa kama fuwele, hivyo mwanga unaotawanyika pembeni hufutana wenyewe. Darubini za elektroni zilipoboreka, ilionekana kwamba mpangilio huo si kamili. Nyuzi zimepinda hapa na pale. Mwaka 1971 George Benedek alionyesha kwamba ukamilifu hauhitajiki. Kinachotakiwa ni kwamba katika kila eneo lenye upana unaokaribia nusu ya wimbi la mwanga kuwe na idadi ya nyuzi inayokaribiana na ya maeneo jirani. Nyuzi zinaweza kujitenga kidogo huku na kule, ila zisiache uwanja mtupu.

Katika weupe wa jicho nyuzi hazilingani: nyingine zina nanomita 25, nyingine 230, nazo zimesukana kila upande. Viwimbi havifutani. Mwanga wa rangi zote hutawanywa pande zote, nasi tunaona weupe. Hakuna rangi nyeupe iliyopakwa pale, kama ambavyo hakuna rangi nyeupe katika povu la bahari.

Sasa tunaweza kumjibu mgonjwa wa chamba. Uwanja mtupu katikati ya nyuzi hutokea kwanza kwa sababu ya maji. Stroma ina kiu ya asili. Ikiachiwa maji hujivuta na kuvimba. Upande wa ndani wa konea kuna safu moja tu ya seli, endotheli, inayofanya kazi usiku na mchana kuyatoa maji hayo. Mtu mzima huwa na takriban seli 2,500 katika kila milimita ya mraba, na zikifa hazizaliwi tena. Jirani zake hujitanua kuziba pengo. Seli zikipungua mno, kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi, presha ya jicho iliyopanda ghafla, au upasuaji wa mtoto wa jicho uliokuwa mgumu, maji hubaki ndani. Yanajikusanya katika vidimbwi visivyo na nyuzi, vyenye upana unaokaribia nusu ya wimbi la mwanga. Hapo konea huwa na ukungu.

Ukungu wa maji una tabia inayomsaidia mhudumu wa kituo cha afya asiye na vifaa: huwa mzito asubuhi. Usiku jicho likiwa limefungwa maji hayapati kuvukia hewani. Mchana yanavukia, na mgonjwa husema kwamba hadi adhuhuri amepata nafuu. Mwingine husoma herufi ukutani bila shida, lakini taa za gari linalomkabili usiku humtia kiwi kikali, kwa kuwa mwanga uliotawanyika ndani ya konea humwagika juu ya retina yote. Malalamiko ya kiwi yasipuuzwe kwa sababu tu mgonjwa amesoma mstari wa chini. Mtoto wa jicho pia huleta kiwi, kwani lenzi nayo huwa angavu kwa sababu protini zake zimesongamana kwa usawa. Zikigandana makundi makundi, mwanga hutawanyika. Kwa lenzi hiyo hakuna tone la dawa linalorudisha uangavu. Tiba yake ni upasuaji.

Sababu ya pili ni kidonda. Konea iliyokwaruzwa na jani, mchanga au kamba ya mtego hupoteza ngozi yake ya juu, na vijidudu hupata mlango. Mwili hupeleka seli za ulinzi, vimeng'enya humeng'enya nyuzi, kisha seli za kovu hushona upya. Nyuzi mpya hazipati tena unene na nafasi za zile za awali. Hapo kioo kimegeuka kuwa kipande cha weupe wa jicho, na hakuna matone yanayoweza kukipanga upya.

Kwa hiyo saa ndizo zinazoamua. Huko Bhaktapur, Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watu 442 waliokwaruzwa konea na kupewa mafuta ya jicho ya kloramfenikoli na wahudumu wa vijijini. Kati ya 284 walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kati ya 49 walioanza baada ya saa 24 hadi 48, walikipata 14. Kwetu Tanzania, utafiti wa KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba nusu ya wagonjwa wa vidonda vya konea walifika baada ya siku 14 au zaidi, na waliopitia kwanza kituo kingine cha tiba walichelewa zaidi. Takwimu hii ya mwisho inatuhusu sisi wahudumu kabla ya kumhusu mgonjwa. Fangasi walikuwa chanzo kikubwa, na fangasi akipewa matone ya steroidi hustawi; jicho hupungua wekundu, mgonjwa hushukuru, na konea inaendelea kuliwa. Matone ya deksamethasoni yasitolewe kwa jicho jekundu ambalo konea yake haijachunguzwa, hata kama duka la dawa linayauza bila kuuliza. Matone ya ganzi nayo ni ya kupimia tu. Mgonjwa asiondoke nayo.

Kwa watoto, surua na upungufu wa vitamini A hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi ya kutisha. Allen Foster na Alfred Sommer, katika utafiti wao wa mwaka 1987 juu ya watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea, waliona kwamba zaidi ya theluthi moja vilifuatia surua, na karibu mmoja kati ya sita vilitokana na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Simdharau mzee anayejua mitishamba. Lakini maji ya majani yaliyopondwa yana fangasi, na konea haina mishipa ya damu ya kuleta ulinzi wa haraka.

Kumwona aliyekwaruzwa konea hakuhitaji mashine kubwa. Ukanda wa karatasi wenye rangi ya fluoreseni, tone la maji safi ya dawa, na tochi yenye mwanga wa buluu vinatosha. Palipochubuka panang'aa kijani. Ni ufundi ule ule wa bawa la Papilio nireus: buluu inaingia, kijani kinatoka.

Kuna jeraha moja ambalo Mji Mkongwe unalo kwa namna yake. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na tangu mji ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ukarabati unapaswa kufuata vifaa vya asili. Basi mafundi wanazima chokaa, wanaichanganya na kuipaka juu ya vichwa vyao. Chokaa ni alikali. Asidi nyingi hugandisha protini za juu na hivyo hujizuia njia. Alikali huyeyusha kuta za seli na kuendelea kuzama, huku ikizivimbisha na kuzikunja nyuzi za stroma. Dakika chache zinatosha kuiharibu safu iliyojengwa kabla mtu hajazaliwa.

Fundi aliyeingiwa na chokaa aoshwe jicho pale pale alipo, kwa maji safi yoyote yaliyo karibu, kwa nusu saa isiyopungua, kope zikiwa zimefunguliwa. Asipelekwe hospitali kwanza ndipo aoshwe. Akifika kituoni, mhudumu atie tone la ganzi, ageuze kope la juu, atoe kila punje kwa pamba yenye unyevu, kisha aendelee kuosha. Punje moja iliyojificha chini ya kope huendelea kutoa alikali kwa saa nyingi.

Je, konea iliyoharibika haiwezi kubadilishwa? Inaweza. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm huko Olomouc mwezi Desemba 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Macho mawili yalipandikizwa, moja likabaki angavu. Karne moja baadaye, mwaka 2006, Gerrit Melles wa Uholanzi alieleza upasuaji wa kubadilisha endotheli pekee pamoja na utando wake, unene usiozidi sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Utando huo hushikizwa kwa kiputo cha hewa, na mgonjwa hulala chali. Seli mpya zikianza kuvuta maji, vidimbwi hukauka, nyuzi za zamani hurudi kwenye nafasi zake, na ukungu huondoka bila stroma kuguswa na kisu. Kwa mgonjwa wa ukungu wa maji hiyo ni habari njema sana.

Kwa fundi wa chokaa haisaidii, kwa sababu kilichoharibika ni nyuzi zenyewe. Tena alikali huua seli mama zilizo katika ukingo wa konea, zile zinazozalisha ngozi yake ya juu. Bila hizo hata konea nzima iliyopandikizwa hufunikwa na mishipa ya damu na kupoteza uangavu. Kwa hiyo barua ya rufaa ya mgonjwa huyu iandikwe saa chokaa ilipoingia, dakika ngapi aliosha kabla ya kufika kituoni, na kama ukingo wa konea ni mwekundu au umekuwa mweupe pote. Ukingo mweupe unamaanisha damu imekatika, naye apelekwe siku hiyo hiyo.